Mruko wa Nne

Jengo letu lina ghorofa moja na kesi mia. Chini kuna vyumba vya mafundi. Juu kuna chumba chenye kompyuta sita ambazo, zingekuwa watu, zingeshastaafu na kuanza kusahau majina ya wajukuu. Mwenye jengo anaishi mbali na simu hapokei. Kwa hiyo mafundi walijitungia sheria zamani, kabla mimi sijaja: watu wawili wakigombea kitu, hawapigani, hawasusiani, hawaendi kushtaki popote. Wanapanda juu.

Juu kuna mchezo mmoja, wa kale, ndio pekee ambao zile kompyuta zinaweza kuubeba bila kuzimia. Uwanja wa mawe wenye daraja katikati na shimo la moto chini yake, watu wawili, kila mmoja na bunduki ya makombora begani. Ukimpiga mwenzako mpaka uhai wake uishe, umepata moja, anafufuka, mnaendelea. Wa kwanza kufika kumi ndiye mwenye haki, na hakuna rufaa. Zamu ya kufagia ngazi iliamuliwa hivyo. Soketi ya koridoni iliamuliwa hivyo. Fundi cherehani na kinyozi waligombea kioo, kinyozi akashindwa, akanyoa watu mwezi mzima kwa kukisia. Kuna bwana harusi mmoja hajamsamehe mpaka leo.

Mimi nilikuwa nagombea dirisha.

Chumba chetu kina dirisha moja na wapangaji wa aina mbili. Upande wa mwanga anakaa fundi simu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tunamwita Bisibisi kwa sababu haachi bisibisi yake hata anapokula. Huichomeka kwenye nywele. Upande wa ukuta, kwenye kona ambayo hata mende huingia kwa kupapasa, tunakaa mafundi viatu: mjomba wangu na mimi. Bisibisi alilitwaa dirisha miaka mitatu iliyopita, alipomshinda mjomba kumi kwa sifuri. Mjomba anasema hakushindwa. Anasema hakujua kama mchezo ulikuwa umeanza.

Tungeendelea hivyo mpaka kiama, ila macho ya mjomba yalianza kumtoroka. Kwanza akawa anatunga uzi kwenye sindano kwa dakika tano. Halafu akawa ananipa mimi nitunge, akijidai anakohoa. Mwisho akashona kiatu cha mteja pamoja na soksi iliyokuwa imesahauliwa ndani, na mteja akarudi akilalamika kwamba kiatu kinamkataa. Siku hiyo mjomba aliweka msharasi wake mezani, ule wa kutobolea ngozi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai:

"Mwisho wa mwezi nafunga sanduku. Fundi asiyeona tundu hashoni, anachoma watu."

Huyu ndiye aliyenifundisha kushika nyundo nikiwa na miaka kumi. Na alikuwa bado anaona, mradi awe kwenye mwanga. Nje, juani, aliweza kuhesabu mbu. Basi. Kuna watu wakiumia hulia. Mimi hufoka. Nilivuka chumba kwa hatua nne, nikasimama mbele ya meza ya Bisibisi, wateja wake wawili wakiwa wamekaa pale.

"Bisibisi! Hilo dirisha nalitaka."

Hakuinua kichwa. "Na mimi nautaka mwanga wangu. Umeuziba. Sogea."

"Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Juu. Kumi."

Hapo akaniangalia, akaichomoa bisibisi kwenye nywele taratibu, kama mtu anayechomoa upanga ambao hana haja nao. "Mdogo wangu, wewe? Wewe ukitembea kwenye uwanja ule watu hudhani umesimama unamsubiri mtu."

Wateja wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaangusha kifuniko cha simu yake.

"Nitakuangusha mpaka uombe kiti cha wagonjwa!"

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, usinisikie nikitamka neno dirisha miaka mitatu!"

Kutoka kwenye kona mjomba akasema, "Mtoto wa dada yangu huyu. Tulikuwa na ukuta tu, na huo ameuza."

Chumba cha juu anakitunza mdogo wangu wa kike. Jina lake la kazi ni Kiroboto, na si kwa sababu ni mdogo wa umbo. Ukimtazama kwenye mchezo huwezi kumwona. Unaona tu mahali alipokuwa. Kila siku saa ya chakula cha mchana nilipanda kwake, naye alinifundisha bila kunionea huruma wala heshima, ingawa mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Kwanza, Kaka, acha kukimbia."

"Nisipokimbia nitafikaje?"

"Kwa kuruka. Ona hii namba pembeni ya skrini, ndiyo kasi yako. Miguu ikiwa chini, mchezo unakupimia: mia tatu na ishirini, hata ukilia. Hewani hakuna anayekupimia. Lakini usiruke ukitazama mbele kama bata. Shika kitufe cha mbele na cha pembeni pamoja, halafu geuza kipanya upande huohuo, polepole, kama unammwagia mtoto maji kichwani. Ukigusa chini ruka tena papo hapo, pinda upande wa pili. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila mruko unakula kasi ya ule uliopita na kuongeza yake."

Nilimsikiliza kwa makini, kisha nikaruka moja kwa moja kwenye shimo la moto.

Siku ya kwanza nilikufa mara arobaini, na hapakuwa na adui uwanjani. Nilijigonga kuta ambazo sikujua kama zipo. Nikichelewa kuruka baada ya kutua, kasi ilianguka yote. Nikiwahi, kitufe hakikusikia. Katikati ya kuchelewa na kuwahi palikuwa na upenyo mwembamba kama tundu la sindano, na mimi nilikuwa naupitia kwa kichwa.

"Unaruka kama gunia la viazi linaloshushwa kwenye lori," akasema Kiroboto.

"Kompyuta yako mbovu."

"Kompyuta ni mbovu kwa watu wote. Gunia ni wewe peke yako."

Mjomba, nikishuka na jasho langu, aliniuliza habari za vita. Nikamwambia naendelea vizuri. Akasema, "Ndiyo, kuruka kwa maharage ndiyo kuiva kwake. Lakini maharage yanarukia ndani ya sufuria, baba. Wewe nasikia unarukia motoni."

Siku ya sita nilikuwa chini, nabadilisha soli ya buti la kazi, hasira zimenijaa kifuani. Sisi tuna namna yetu ya kupiga msumari, ya mjomba, aliyoipata kwa aliyemfundisha. Msumari wa kiatu ni mfupi, ukiupiga kwa nguvu tangu mwanzo unapinda. Kwa hiyo unagonga mara tatu kidogo, kuuonyesha njia, halafu wa nne unaushindilia. Ko, ko, ko, KWAA. Ko, ko, ko, KWAA. Misumari thelathini kwa soli moja, miaka kumi na miwili, hesabu mwenyewe. Mkono wangu haufikirii tena. Nilikuwa nimefika msumari wa saba hivi niliposimama ghafla nikiwa na nyundo hewani, mpaka mjomba akauliza kama nimepigwa na kiharusi.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikakaa, nikaruka: mfupi, mfupi, mfupi, mrefu. Ko, ko, ko, KWAA. Kulia, kushoto, kulia, na wa nne nikaupinda mpana, kipanya kikisafiri meza nzima. Mia nne. Mia nne na themanini. Mia tano na arobaini! Nilizunguka uwanja mzima bila kugusa ukuta, nikapita juu ya shimo la moto na kulicheka.

Kiroboto alivuta kiti chake karibu. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Kipaji."

"Hm." Alitazama mizunguko miwili mingine, ameinamisha kichwa. "Unaruka vizuri sana, Kaka. Lakini..."

"Lakini nini? Sema tu kwamba nimekupita."

"Sijui. Ni kama nimeshakusikia mahali."

Sikumjali. Mtu aliyefika mia tano na arobaini hana haja ya kusikilizana na wa mia tatu.

Kilichobaki, akasema Kiroboto, ni mruko mmoja tu, mkubwa kuliko yote: unaangalia chini, unaruka na kufyatua kombora miguuni mwako kwa wakati mmoja, na mlipuko unakurusha juu kuliko daraja. Unakula nusu ya uhai wako.

"Mwanamume gani anajipiga miguu mwenyewe?"

"Anayetaka kufika juu."

"Mimi natengeneza soli, Kiroboto. Sizilipui."

Nikajaribu mara mbili kumridhisha. Mara ya kwanza nilijiua. Mara ya pili nilipaa kweli, nikagonga kichwa kwenye dari ya mawe, nikaanguka, nikajiua. Nikamwambia mbinu hiyo ni ya watu wasio na kazi.

Jumamosi ikafika, saa nane mchana. Fundi cherehani alikuwepo, kinyozi alikuwepo na mkasi wake mkononi. Sheria ya watazamaji ni moja: atakayetoa ushauri atafagia ngazi mwezi mzima, kwa hiyo chumba kilikuwa kimya kama msiba wa tajiri. Spika za zile kompyuta zilikufa siku nyingi. Kitu pekee kilichosikika kilitoka chini, kupitia mbao za sakafu: nyundo ya mjomba. Alikataa kuja. Alisema kuna mtu anafuata buti zake saa tisa, na kwamba akitutazama tunavyorukaruka, kichwa kinamzunguka.

Bisibisi alikaa kwenye kiti chake, akapangusa kipanya kwa ukingo wa shati, akanigeukia. "Umekula? Usije ukasema ulizirai kwa njaa."

"Nitakula ukishahama."

Tukaanza. Niliruka kama radi. Kasi mia tano, mia tano na thelathini. Nilimwona kinyozi akifungua mdomo. Nikaingia kwenye korido ya chini ya daraja, ile inayopita kandokando ya shimo la moto, ko, ko, ko, na nilipotua wa nne, kombora likanipokea usoni.

Bahati mbaya. Nikafufuka, nikaja kwa upande mwingine, kasi zaidi. Nilipotua wa nne, kombora lilikuwa limeshafika linanisubiri, kama mwenyeji mwenye haraka. Nikamvizia nyuma. Nikamjia kwa juu. Mbili, tatu, nne. Moja nilimpata, kwa sababu alikuwa anapiga chafya. Tano, sita.

"Sita kwa moja," akasema Kiroboto, na sauti yake ilikuwa ya kutangaza msiba.

Bisibisi aliomba maji. Kwa sheria, anayefika sita kwanza anaruhusiwa kunywa. Alishika glasi kwa mkono wa kushoto, akinywa huku anaangalia ukuta, na mkono wa kulia umelala juu ya kipanya. Chini, mjomba alikuwa anapiga misumari. Ko, ko, ko, KWAA.

Na kidole cha Bisibisi kikabonyeza.

Nikatazama vizuri. Ko, ko, ko: kidole kimetulia. KWAA: kikabonyeza. Hakuwa hata anajua. Alikuwa anakunywa maji yake, anafikiria mambo yake, na kidole kilikuwa kinanifyatulia kombora kila msumari wa nne.

Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka mitatu yule mwanamke amekaa mita mbili kutoka kwenye nyundo zetu. Hakuwa na haja ya kunitafuta uwanjani. Alikuwa ananisikia. Hicho nilichokiita kipaji nilikuwa nimemfanyia mazoezi kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi, bure.

Haya, nibadilishe. Rahisi kusema! Nikajaribu kuruka miwili na mmoja. Mkono ukakataa, nikatumbukia motoni mwenyewe, na kwetu ukijitumbukiza pointi ni ya mwenzako. Saba kwa moja. Mkono uliofundishwa kwa miaka kumi na miwili haufundishwi upya mbele ya kinyozi.

Ndipo jua likapita nyuma ya jengo. Nalijua saa yake. Ndiyo saa ambayo kona yetu inakuwa kama ndani ya kiatu. Na chini nikasikia: Ko. Ko. Kimya. Ko. Halafu sauti ya mjomba, wazi kabisa kupitia mbao:

"Wewe msumari mama yako nani?"

Fundi cherehani aliuma kola yake asicheke. Ko. Ko, ko, ko, ko. KWAA. "Kidole! Kidole changu hicho!" Ko. Kimya kirefu. Ko, KWAA.

Alikuwa haoni. Alikuwa anatafuta vichwa vya misumari kwa kukisia, anagonga, anakosa, anapapasa, anagonga tena. Katika maisha yangu yote sijasikia ufundi mbaya namna ile. Nikaacha mkono wangu umfuate. Yeye ndiye aliyeufundisha. Unamtii yeye kuliko unavyonitii mimi. Ko, nikaruka. Kimya, nikasimama nyuma ya nguzo. Ko, ko, ko, ko, nikaruka minne mifupi, na kombora la Bisibisi likapasukia mahali ambapo sikuwepo. Nikampiga akiwa bado anapashangaa.

"Mbili," akasema Kiroboto.

Kidole cha Bisibisi kiliendelea na nyundo ya zamani, ya miaka mitatu, na mimi nikafuata ya leo, ya mzee aliyepofuka kwenye kona. Tatu. Nne. Akanipata mara moja, nane kwa nne. Tano, sita, saba. Akahema, akavuta kiti, akasema, "Huyu amelewa?" Nane. Nikatua vibaya, akanimaliza: tisa yake. Mjomba akatoa tusi ambalo silijui mpaka leo, akapiga mara mbili kwa hasira, nikaruka mara mbili, nikampiga.

"Tisa kwa tisa."

Na hapo, chini, nyundo ikanyamaza. Buti zilikuwa zimekwisha, au mjomba alikuwa amekwisha. Nilisubiri. Hakuna kitu. Bisibisi alisimama juu ya daraja, bunduki ikielekea korido ya chini, anasubiri. Mimi nilikuwa mwisho wa korido na mkono wenye wimbo mmoja tu, na wimbo huo anaujua.

Basi nikasema, kama anaujua, nimwimbie.

Nikatoka waziwazi. Ko, kulia. Ko, kushoto. Ko, kulia, kasi mia tano na ushee, na pembeni mwa jicho nikakiona kidole chake kikishuka, kimya, kwa uhakika, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Kombora likaondoka kwenda mahali pa wa nne. Nami nikaangalia chini, kwenye soli zangu, Mungu anisamehe, nikaruka na kufyatua.

Nusu ya uhai ikaenda. Korido ikashuka, daraja likashuka, kichwa cha Bisibisi kikapita chini yangu, na mbali kule chini kombora lake likalipua sakafu tupu. Alikuwa bado anaangalia kule. Nikampiga kutoka juu.

Kiroboto alipiga yowe. Kinyozi alirusha mkasi, kisha akaukimbia. Bisibisi alikaa anaitazama skrini.

"Wa nne umeenda wapi?" akauliza.

"Umepanda juu."

"Umepanda juu," akarudia, akatikisa kichwa. "Nyundo yenu ile naisikia hata nikioga."

Tulihamisha meza saa hiyohiyo. Mjomba alikaa dirishani na kitambaa kimefungwa kwenye kidole gumba, akatunga uzi kwenye sindano, mara moja, ukapita. Akautoa. Akautunga tena, ukapita. Nikageuka kuangalia ukuta kidogo, kuna vumbi lilikuwa limeniingia jichoni.

Kwenye kona ya giza Bisibisi alipigilia misumari sita ukutani, akatundika simu sita za wateja kwa kamba, akawasha tochi zake zote. Kona ikawaka kama uwanja wa ndege. Kuliko dirisha.

Nilibaki nimekodoa macho. "Dada, kumbe ulikuwa na taa?"

"Simu zote zina tochi, mdogo wangu. Ndiyo kazi yangu."

"Sasa muda wote huo mbona hukutuachia dirisha?"

"Mliniomba lini?" Alikuwa ameshainamia simu ya mtu. "Mjomba wako siku ya kwanza aliniambia mwanamke hana matumizi na dirisha. Wewe ukaja na kiti cha wagonjwa."

Mjomba akakohoa kile kikohozi chake cha uongo. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya viatu vilivyokuwa tayari, akachukua kimoja, akakisogeza kwenye mwanga, akakigeuza. Akachukua kingine. Cha tatu akakiangalia muda mrefu zaidi.

"Nani alishona hivi?"

"Mimi, Mjomba."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na mimi nawaambia watu mkono wako sasa hautofautiani na wangu." Akaviweka mezani kwangu, jozi baada ya jozi, mpaka sikuweza kumwona. "Fumua."

"Mjomba, vingine watu wanavifuata kesho!"

"Fumua, au nikupandishe juu?"

Bisibisi alicheka mpaka tochi zikayumba. Nilivuta kiti, nikachukua wembe, nikaanza na cha kwanza. Na kwa mwanga ule, niseme kweli, ilikuwa mishono ya aibu.